Simu ya Mgeni Tusiyemwona: Somo Juu ya Ulaghai na Usumbufu wa Simu Majumbani

Katika kata ya Ipililo, wilayani Maswa, Mkoa wa Simiyu, yuko bibi mmoja ambaye ameniruhusu nisimulie habari yake, ila jina lake nimelihifadhi. Mwaka juzi, baada ya kuuza pamba yake, aliziweka fedha zake katika simu ili zimsaidie kumlipia mjukuu wake aliye katika shule ya bweni mbali na nyumbani. Asubuhi moja simu ikalia. Sauti ya mwanamume, ya upole na heshima, ikasema: "Shikamoo bibi. Mimi ni mwalimu wa mjukuu wako. Kijana ameanguka, tuko naye hospitali, na daktari anataka Sh. 180,000 sasa hivi apate kupasuliwa. Usikate simu bibi, maana kila dakika ni uhai wake."

Bibi hakukata. Alikwenda kwa wakala huku simu ikiwa sikioni, akasaidiwa kutuma. Baada ya nusu saa akaombwa Sh. 60,000 nyingine za dawa, akatuma tena. Jioni jirani alimsaidia kumpigia mkuu wa shule. Kijana alikuwa mzima, yumo uwanjani anacheza mpira.

Lakini msiba mkubwa wa habari hii haukuwa huo. Bibi hakumwambia mtu. Alimwomba jirani yake naye anyamaze, na kwa aibu alikaa na siri hiyo wiki tatu. Katika wiki hizo tatu wazazi wawili wengine wa kata hiyo hiyo walipigiwa simu ya namna ile ile, nao wakatuma fedha. Bibi aliposikia alikuja kwangu akilia, akaniambia: "Baba, laiti ningalisema, hawa wasingaliibiwa."

Maneno hayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika somo hili. Nayaandika hasa kwa ajili ya ndugu zetu walioingia katika dini siku za karibuni, na wale ambao bado wanachunguza, kwani nao huuliza mara kwa mara: Je, mwamini akiombwa msaada na mtu asiyemjua, afanye nini? Akikataa, je, amekosa huruma? Akitoa, je, amekuwa mjinga? Tulitazame jambo hili hatua kwa hatua.

1. SIMU NI MLANGO WA NYUMBA

Uislamu umefundisha adabu ya mlango. Katika Sura An-Nur (24:28-29) waaminio wanakatazwa kuingia nyumba zisizo zao pasipo kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Na mgeni akiambiwa arudi, yampasa arudi bila kinyongo. Mafundisho haya si mageni kwa watu wa Usukuma wala wa pwani. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi, husimama nje, hungoja aitikiwe. Mwenyeji humwona uso wake, humtambua ni wa ukoo gani, ndipo humkaribisha.

Sasa tazameni simu. Huingia mpaka chumba cha kulala. Hulia wakati wa sala, wakati wa chakula na usiku wa manane. Anayeingia kwa mlango huo haonekani uso, nasi tumezoea kujiona kana kwamba tumefungwa kumwitikia kila anayepiga. Wazee wetu walilelewa wasimkatize mtu anayesema nao, na tapeli anaijua sana tabia hiyo njema. Ndiyo maana neno lake la kwanza baada ya salamu ni "usikate simu".

Basi msingi wa somo letu ni huu: mwenye mlango ni mwenye nyumba. Kutopokea simu ya usiyemjua si utovu wa adabu. Kukata simu ya mtu anayekuamuru usikate si dhambi. Aliye mkweli atakuvumilia uhakikishe, kama mgeni mwema anavyovumilia kusimama nje ya mlango. Asiyetaka kungoja hata dakika tano amekwisha jitambulisha ni nani.

2. HILA NI YA KALE, CHOMBO NDICHO KIPYA

Wengine hudhani kwamba ulaghai huu umezaliwa pamoja na simu za mkononi. Sivyo. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipokea barua zilizodai kwamba tajiri mmoja amefungwa gerezani Hispania, na kwamba atakayetuma fedha za kumkomboa atagawiwa hazina kubwa. Hapakuwa na mfungwa wala hazina. Mwishoni mwa karne ya 20 barua za mfano huo zilitoka Afrika Magharibi, zikajulikana ulimwenguni kwa namba 419, ambayo ni namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu kosa hilo.

Kwetu Afrika Mashariki mlango ulifunguka zaidi fedha zilipoanza kusafiri kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008. Kisha makampuni mengine yakafuata. Neema yake hatuwezi kuikana. Zamani mkulima wa Ipililo aliyetaka kumpelekea mwanawe ada alipanda basi, au alimkabidhi dereva bahasha na kukaa roho juu. Leo hutuma akiwa amekaa chini ya mwembe wake. Lakini njia ile ile iliyomwondolea safari mkulima imemwondolea safari mwizi pia. Hana haja tena ya kuvunja ukuta usiku.

Kila Mtanzania mwenye simu anaujua ujumbe usemao kwamba ile fedha itumwe kwenye namba hii, jina litatokea la fulani. Wengi huucheka. Lakini tuelewe unavyofanya kazi. Mwandishi wake hakujui. Huutuma kwa namba nyingi bila kuchagua, kama mvuvi atupaye wavu ziwani bila kujua samaki yuko upande gani. Miongoni mwa wanaoupokea, mmoja alikuwa kweli ameahidi kumtumia mwenye nyumba kodi yake, au fundi ujira wake, siku hiyo hiyo. Huyo huona ujumbe umesadifu, naye hutuma. Basi ujumbe ukisadifu hali yako, usidhani kwamba aliyeuandika anazijua habari zako. Wavu umekupata tu.

Vilevile anayepiga huwa mbali. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, katika taarifa zake za robo mwaka za miaka ya karibuni, imeitaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya ulaghai kwa njia ya simu. Nchini Kenya imejulikana kwa miaka mingi kwamba baadhi ya simu za namna hii hupigwa na wafungwa walio ndani ya magereza. Hii haina maana kwamba watu wa mahali hapo ni waovu; wema wako wengi kila mahali. Maana yake ni kwamba ile sauti inayojiita mwalimu wa shule au daktari yaweza kutoka mahali ambapo hapana shule wala hospitali.

3. AINA ZA SIMU HIZI

Ni vyema tuzitambue aina zake, kwa maana adui anayejulikana nusu yake amekwisha shindwa.

(a) Jamaa aliye katika shida. Hujifanya mwana, mjukuu, mwalimu au muuguzi. Hutaja ajali, upasuaji au polisi. Ndiye aliyempata bibi yetu.

(b) Mtu wa huduma kwa wateja. Husema kwamba laini yako itafungwa au akaunti yako ina kasoro, kisha hukutaka umtajie namba ya siri, au umsomee tarakimu zilizoingia katika simu yako muda huo, au ubonyeze namba anazokutajia. Anayezipata hizo amepata ufunguo wa sanduku.

(c) Fedha iliyokosewa. Unapokea ujumbe kwamba umetumiwa kiasi fulani, kisha mtu anapiga akilia kwamba amekosea, umrudishie. Ujumbe ule ameuandika yeye mwenyewe. Katika akaunti yako haikuingia hata senti.

(d) Zawadi, ajira na utajiri wa haraka. Umeshinda shindano ambalo hukushiriki. Umepata kazi ambayo hukuiomba, ila tanguliza fedha ya fomu. Katika aina hii wamo pia wanaowaalika watu kujiunga na Freemason wapate magari na nyumba, na wanaojiita waganga wa kurudisha mali iliyopotea. Tapeli wa namna hii huuza tamaa, na mnunuzi hulipa kwa fedha taslimu.

(e) Mwombaji kwa jina la dini. Huyu namtaja peke yake kwa sababu waongofu wapya wana moyo wa kutoa, na moyo huo ndio unaowindwa. Hujiita sheikh au katibu, husema msikiti unajengwa au mgeni mkubwa anakuja. Kumbukeni kwamba mchango wa halali una mpokeaji anayejulikana na una risiti. Mwombaji akikataa kutoa risiti, usimpe hata kama amesoma aya kwa sauti nzuri kupita waalimu wako wote.

(f) Wasumbufu. Hawa huenda wasiibe fedha, lakini huiba utulivu wa nyumba. Wako wanaobipu mara moja na kukata, kwa namba ya nchi ya nje, isiyoanza na 255 ya kwetu. Hila hiyo ilipewa jina huko Japani, wangiri, yaani mlio mmoja kisha kukata. Anayerudisha simu hutozwa gharama kubwa, na sehemu ya gharama hiyo humfikia aliyebipu. Usirudishe. Wako pia wakopeshaji wa mitandaoni, ambao humtaka mkopaji aziruhusu programu zao zisome namba zote zilizo katika simu yake. Akichelewa kulipa huwapigia wakwe, majirani na viongozi wake wa dini, wakimtangaza na kuwatisha watu ambao hawakukopa wala kudhamini. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizitangaza programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ukipigiwa na mtu wa aina hii, jibu ni fupi: "Mimi si mkopaji wala mdhamini, usinipigie tena." Kisha uizuie namba yake, wala usilipe deni ambalo si lako.

4. SILAHA TATU ZA TAPELI

Aina ni nyingi, lakini silaha ni tatu tu, nazo mtoto wa shule aweza kuzikariri.

Ya kwanza ni haraka. Tapeli hakupi nafasi ya kufikiri, kwa sababu uongo wake hauna umri mrefu. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga.

Ya pili ni msukosuko wa moyo, ama kwa hofu ama kwa tamaa. Mtu aliyeogopa na mtu aliyetamani wanafanana: wote wawili macho yao hayaoni. Ukigundua kwamba simu imekufanya moyo upige mbio, hiyo peke yake iwe ishara ya kusimama.

Ya tatu ni siri. "Usimwambie mtu." "Usikate simu." "Ukimwambia mumeo bahati itapotea." Maneno haya yote yana shabaha moja, nayo ni kukutenga na watu wako. Mtu mmoja aweza kudanganywa kwa urahisi. Watu watatu waliokaa pamoja ni vigumu. Na siri hii haiishi siku ya wizi. Huendelea baada yake kwa jina la aibu, kama tulivyoona kwa bibi. Ile aibu ililinda nani? Haikumlinda yeye, kwa kuwa fedha zilikwisha kwenda. Ilimlinda mwizi.

5. KUHAKIKISHA HABARI

Katika Sura Al-Hujurat (49:7) waaminio wanafundishwa kwamba mtu mwovu akiwaletea habari waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajutia walilotenda. Zingatieni: hatuambiwi kuikataa kila habari, wala hatuambiwi kuikubali. Tunaambiwa tuchunguze. Hii ndiyo njia ya katikati, na katika mambo ya simu kanuni yake yaweza kusemwa kwa sentensi moja: kata, kisha piga wewe mwenyewe kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya simu hiyo.

Angalieni nguvu ya kanuni hii. Tapeli akikupigia, njia ameichagua yeye. Ukikata na kumpigia mkuu wa shule kwa namba iliyoandikwa katika barua ya shule, njia umeichagua wewe. Uongo hauwezi kukufuata katika njia hiyo. Lakini jihadhari: namba atakayokupa yeye mwenyewe ili "uhakikishe" ni ya mwenzake.

Kutokana na msingi huo, kila nyumba ifanye mambo yafuatayo:

Kwanza, ziandikwe kwenye daftari, si katika simu peke yake, namba za shule, za ndugu wa karibu, za mwenyekiti wa kijiji na za mwalimu wa dini. Simu ikizima au ikipotea, daftari litabaki.

Pili, jamaa wawe na swali la nyumbani. Mtu akipiga kwa namba ngeni akisema, "Baba, ni mimi, simu yangu imeharibika," aulizwe jambo ambalo mgeni hawezi kulijua: Yule dume mwekundu tuliyemuuza mwaka wa ukame tulimwitaje? Mwana wa kweli atacheka na kujibu. Tapeli atakasirika.

Tatu, namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote: si kwa wakala, si kwa anayedai kuwa wa kampuni, si kwa rafiki. Kampuni haina haja ya kukuuliza. Namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yetu ni 100; mtu anayejiita wa huduma kwa wateja akipiga kwa namba ya kawaida, kata, kisha piga 100 wewe mwenyewe.

Nne, usiamini ujumbe, amini salio. Ukiambiwa fedha imeingia, fungua menyu ya huduma yako ya fedha uangalie salio kwa mkono wako. Ikiwa kweli fedha ya mtu imeingia kwa kosa, usiirudishe kwa namba anayokutajia. Mwambie aijulishe kampuni yake, irudishwe kwa utaratibu wao. Hivyo hutadhulumu wala hutadhulumiwa.

Tano, nyumba nyingi za vijijini zina simu moja, na mara nyingi mtoto ndiye anayepokea. Mtoto afundishwe kutotaja majina ya wazazi, mahali walipo, wala kama wameuza pamba au ng'ombe. Aseme tu: "Baba atakupigia." Na mzee asiyejua kusoma achague mtu mmoja mwaminifu wa kumsaidia, si kila kijana aliyeko karibu na kibanda cha wakala.

Sita, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Tangu Mei 2019 laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Hata hivyo walaghai hutafuta laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Ukimkuta mtu sokoni anakuomba uweke kidole mara ya pili na ya tatu akidai mashine imekataa, simama uhakikishe. Yamkini anasajili laini ambayo kesho itamwibia jirani yako, na jina litakalopatikana ni lako.

6. KOSA LA UPANDE WA PILI

Hapa sina budi kusema juu ya nafsi yangu.

Nilipokuwa kijana masomoni katika chuo cha dini ng'ambo, kupigiwa simu kutoka nyumbani lilikuwa jambo kubwa. Wazazi walikwenda mjini, wakalipa, wakangoja. Hivyo simu ilipolia nilijua ni jambo la kweli, mara nyingi msiba. Nilirudi nchini na imani hiyo moyoni, nami nilitapeliwa. Mtu aliyejiita jamaa wa mwanafunzi wangu wa zamani alichukua kwangu Sh. 90,000 kwa habari ya jeneza. Nilikasirika sana. Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria yangu: namba nisiyoijua siipokei, na ombi la fedha kwa simu silisikilizi. Nilijiona mwenye hekima.

Baadaye, jioni moja ya masika, namba ngeni ilipiga mara nne. Mara ya tano nikapokea. Mama mmoja akasema kwa haraka kwamba mtoto wake yuko hospitali, kwamba ameazima simu ya mtu, na kwamba anahitaji Sh. 25,000. Nikasema, "Nyinyi nawajua," nikakata. Kesho yake nilipata habari kwamba yule mama ni wa jumuiya yetu, ameingia katika dini mwaka huo huo, na kwamba alinipigia mimi kwa sababu hakuwa na ndugu mwingine wa kumwomba. Mtoto alipona, Alhamdulillah. Muuguzi mmoja aliwalipia. Lakini nilipokwenda kumwomba radhi, mama yule aliniambia kwa upole, "Mwalimu, nilidhani sauti yangu unaijua." Sikuwa na jibu.

Wapenzi wasomaji, mimi na bibi wa Ipililo tulikosa kosa moja, ingawa linaonekana kuwa makosa mawili. Yeye aliamini bila kuchunguza. Mimi nilikataa bila kuchunguza. Ile aya haikuniamuru kuwadhania watu ubaya, bali ilinionya nisiwadhuru kwa kutojua. Ningemwuliza mama yule jina la hospitali na wodi, nikakata, nikampigia ndugu anayekaa karibu nayo, kazi yote ingechukua dakika kumi. Tapeli alininyang'anya Sh. 90,000. Lakini nikimwacha pia aninyang'anye huruma yangu kwa waja wa Mwenyezi Mungu, basi nitakuwa nimemwongezea kwa hiari yangu.

7. ALIYEKWISHA IBIWA AFANYE NINI

Asiketi akilia peke yake. Afanye haya kwa taratibu hii:

Apige 100 mara moja, aeleze muamala alioufanya, na aombe fedha izuiliwe. Ikiwa tapeli hajaitoa kwa wakala, yaweza kupatikana. Saa moja ya kuona aibu yaweza kuipoteza. Ikiwa alitaja namba yake ya siri, aibadilishe papo hapo. Na laini yake ikikosa mtandao ghafla ilhali za wenzake zinafanya kazi, asingoje mpaka kesho, kwani huenda mtu amejitengenezea laini ya namba hiyo hiyo.

Aupeleke ujumbe wa kitapeli kwenye namba 15040, iliyowekwa kwa kazi hiyo, na afuate maelekezo ya kutaja namba iliyomtumia. Kufanya hivyo ni kumkinga mtu wa kijiji kingine usichokijua.

Aripoti kituo cha polisi na kupewa namba ya RB. Ulaghai wa namna hii ni kosa la jinai, na nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kadhalika aliyetangazwa au kusumbuliwa kwa kutumiwa namba na habari zake bila idhini anayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na iko Tume ya kupokea malalamiko yake.

La mwisho, na kwangu mimi ndilo la kwanza: awaambie majirani siku hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha wizi huwaachia wenzake mlango wazi. Sisi tunaosikia, tusimcheke. Anayecheka aliyeibiwa humfundisha atakayeibiwa kesho kunyamaza.

8. NENO KWA VIJANA

Najua gazeti hili husomwa pia na vijana, na huenda mmoja wao ameitwa na rafiki afanye kazi ya kupiga simu hizi, au awasajilie wengine laini, au apokee fedha katika akaunti yake na kubaki na fungu lake. Ataambiwa kwamba haibi, kwamba watu wenyewe wametuma kwa hiari. Kijana wangu, bibi hakutuma kwa hiari. Alimtumia mjukuu wake aliyedhani anakufa. Mali hiyo ni ya batili, na chakula kinachonunuliwa nayo hakiwi halali kwa kubadilisha sahani. Aliyekwisha kosa mlango wa toba haujafungwa, lakini toba ya mali ya watu ni pamoja na kuirudisha.

Namalizia kwa habari njema. Mwaka huu, msimu wa kuuza pamba ulipokaribia, bibi wa Ipililo alisimama mbele ya akina mama wenzake akasimulia yote, pamoja na kiasi alichoibiwa na jinsi alivyonyamaza. Alipomaliza, mama wa kwanza alinyosha mkono akasema kwamba naye aliibiwa. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Hakuna aliyecheka. Siku hiyo waliandika daftari moja la namba za shule zote wanazosoma watoto wao, nalo likawekwa kwa bibi mwenyewe. Sasa simu ya mwalimu asiyejulikana ikija katika nyumba yoyote pale, hukatwa kwanza, kisha mtu hutumwa mbio kwa bibi.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu, atupe macho ya kutambua uongo na moyo usiochoka kusaidia wakweli. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kukata simu ya usiyemjua si utovu wa adabu? Linganisha na adabu ya hodi.
2. Taja silaha tatu za tapeli, na utoe mfano wa kila moja kutoka kijijini kwako.
3. Kuna tofauti gani kati ya kuhakikisha kwa namba unayopewa na anayepiga na kuhakikisha kwa namba uliyokuwa nayo?
4. Bibi na mwandishi wa somo hili walikosea kwa namna gani? Kwa nini makosa hayo mawili ni kosa moja?
5. Nyumba yako ina swali la nyumbani? Kaeni jamaa wote jioni ya leo mlichague.